Uliona, au uliambiwa kuwa umeona?

Baridi ya Mbeya mwezi huu imenifungia ndani, kwa hiyo barua nimezijibu nikiwa na jiko la mkaa mlangoni na shuka mbili mabegani. Kwa wasomaji wapya: nilikuwa ofisa ustawi wa jamii kwa miaka 24, na kabla ya hapo nilikuwa mdadisi, yaani yule binti mwenye dodoso na mwavuli anayebisha hodi wakati ugali wako uko motoni. Kazi zote mbili zilinizoesha swali ambalo marehemu mume wangu alilichukia kuliko bili ya umeme: "Umejuaje?" Mwezi huu naona barua zote zinalidai.

Shikamoo Shangazi. Nauza vitenge Mwanjelwa. Mwezi wa tatu, kama saa moja kasoro jioni, umeme umekatika, mteja wangu alinyakuliwa mkoba mbele ya kibanda changu. Kijana akakimbia kuelekea Kabwe. Watu wakapiga kelele za mwizi, akaletwa kuli mmoja amevaa sweta jekundu. Nikaulizwa, "Mama, si huyu?" Nikasema ndiye. Majirani zangu wawili nao wakasema ndiye. Walimpiga wakamvunja mkono na kumng'oa meno mawili. Siku ya tatu mkoba ukapatikana kwa mtu mwingine kabisa na mwenyewe akakiri. Yule kuli amerudi sokoni, anabeba mizigo kwa mkono mmoja, na kila asubuhi ananisalimia. Shangazi, mimi si mwongo. Nikifumba macho mpaka leo naliona lile sweta. Nini kilinipata? Na mbona tulikuwa zaidi ya hamsini na hakuna aliyesema acheni? — Mama Vitenge

Marahaba mwanangu. Naamini hukusema uongo, na hapo ndipo penye kutisha. Mwongo hubabaika, maneno yake yanapishana, tunamkamata. Wewe ulisema kwa moyo safi, sauti haikutetemeka, ndiyo maana watu wakakuamini.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya tatu nikachukua kalamu nikapigia mstari maneno haya: "Mama, si huyu?" Sasa fuatana nami polepole. Kabla ya swali lile ulikuwa na nini mkononi? Giza linaloingia, mgongo wa mtu anayekimbia, na mshtuko. Hujaniandikia popote kwamba uliliona sweta jekundu wakati mkoba unanyakuliwa. Sweta linaanza kutajwa kwenye barua yako pale anapoletwa mtu aliyelivaa. Baada ya hapo likarudi nyuma peke yake, likajivalisha kwa yule aliyekimbia.

Kumbukumbu si picha iliyo kwenye simu kwamba ukiifungua leo na kesho ni ileile. Kila unapokumbuka, akili inajenga upya, na inajengea chochote kilicho karibu. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Hamsini waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana. Hamsini wengine waliulizwa hivyohivyo lakini kwa neno zito zaidi, kama sisi tungesema "yalipovaana yakapondeka". Hamsini wa mwisho hawakuulizwa habari ya kasi. Baada ya wiki moja wakaitwa tena: je, mliona vioo vilivyovunjika? Katika filamu ile hakikuvunjika kioo hata kimoja. Lakini waliopewa neno la kawaida, 7 waliviona vioo. Wasioulizwa kasi, 6. Waliopewa neno zito, 16. Neno moja ndani ya swali, na vioo vikamwagika barabarani wiki nzima baadaye.

Sasa pima "si huyu?" Katika Kiswahili chetu hako ka "si" hakaulizi, kanaomba ukubali. Ni kama "si utakuja?" Anayesema hivyo ameshakuwekea sahani mezani. Angekuuliza "Ulimwona mtu wa namna gani?", nadhani ungejibu, "Sijui, nimeona mgongo," na jioni ile ingeishia hapo.

Usidhani nakusimanga. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliwasimulia wanangu jinsi nilivyosimama kizingitini kwangu Isanga mwaka 2006, nikitazama soko la zamani la Mwanjelwa likiungua, moshi mpaka juu ya mlima Loleza. Nilikuwa naeleza hata kanga niliyovaa. Mume wangu alipofariki nikakuta shajara yake: siku zile tulikuwa Njombe msibani, habari ya moto tulipigiwa simu. Kanga ile ninayo kweli. Moshi niliuchukua kwa majirani.

Kuna jambo la pili lililokuponza. Kuli yule ulikuwa unamwona kila siku. Sura uliyoizoea ikiletwa mbele yako wakati moyo unakwenda mbio, kitu ndani kinasema "huyu namjua", na hakisemi kinamjua kutokea wapi. Kumbe unamjua kwa kubeba marobota ya vitenge, si kwa kukimbia na mkoba.

Na hao mashahidi wawili wenzako, nani alitangulia kusema? Kama ni wewe, basi pale hapakuwa na mashahidi watatu. Palikuwa na shahidi mmoja mwenye midomo mitatu.

Mahakama zetu zilishaliona hili zamani. Katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na hautegemeki, na kwamba usitumike kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ikataja na maswali: shahidi alimtazama kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, je alimfahamu kabla? Jijibu mwenyewe kwa jioni ile. Majaji hukaa na maswali hayo mezani mchana kweupe, wanasikiliza pande mbili. Sokoni mlimaliza kesi kwa pumzi moja gizani.

Umeuliza kuhusu watu hamsini. Baada ya msichana mmoja kuuawa New York mwaka 1964 na magazeti kuandika kwamba majirani 38 walitazama tu (habari ambayo baadaye ilionekana imetiwa chumvi nyingi), John Darley na Bibb Latané walifanya jaribio. Mtu anakaa chumbani peke yake, anazungumza na wenzake kwa vipaza sauti, ghafla anasikia mmoja ameanza kama kifafa na anaomba msaada. Aliyeamini yuko peke yake na mgonjwa, 85 kati ya 100 walitoka kutoa taarifa kabla kelele hazijaisha. Aliyeamini kuna wengine wanne wanaosikiliza, 31 tu. Na wale wasiotoka hawakuwa na roho ya jiwe. Walikutwa mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho. Kila mmoja alimwachia mwenzake sehemu yake ya mzigo, na mzigo ukabaki chini.

Kwetu ongeza la nyumbani: anayemtetea mwizi naye ni mwizi. Kati ya hamsini wale, nina hakika wapo waliotaka kusema acheni, wakatazama kulia na kushoto, wakaona wenzao wamenyamaza, wakafikiri wote wameridhika. Na wenzao nao walikuwa wanawatazama wao. Halafu kuna ile hoja niliyoisikia kila wiki ofisini: "Tukimpeleka kituoni kesho atatoka." Anatoka kwa dhamana, mwanangu, na dhamana si msamaha. Ni mtu kungojea kesi yake akiwa nje. Laiti tungelielewa hilo, nadhani mifupa mingi isingevunjwa.

Siku nyingine usipige kelele kwa umati, umati hauna masikio. Mchague mtu mmoja: "Wewe baba mwenye kofia ya bluu, mpigie mwenyekiti wa mtaa. Wewe dada wa mchele, piga 112." Mtu akishatajwa hana pa kujificha. Na kama una nafasi, mvute mtuhumiwa ndani ya kibanda ushushe shata. Niliwahi kumwona mama ntilie mmoja pale stendi akimkalisha kijana chini ya meza ya sufuria, kisha akasimama mbele na mwiko. Walimtukana sana, hawakumvuka.

Sasa kuhusu kuomba radhi. Huko North Carolina, Marekani, mwaka 1984, mwanamke aitwaye Jennifer Thompson alibakwa, na akiwa katika unyama ule aliikariri sura ya mbakaji kwa makusudi ili aje amtambue. Akamtaja Ronald Cotton, kwenye picha na kwenye gwaride la utambulisho. Aliletewa mahakamani baadaye mtu aliyefanya kweli, akasema huyu sijamwona maishani. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi mpaka kipimo cha vinasaba kilipomtoa mwaka 1995. Thompson aliomba kuonana naye, akamwomba msamaha, na yule bwana akamsamehe. Baadaye wakawa wanasafiri pamoja kuwaeleza watu jinsi macho yanavyodanganya.

Kijana wako ameshaanza, anakusalimia kila asubuhi. Usimwite mbele za watu. Mtafute mzee anayeheshimika pale sokoni akusindikize, na umwambie maneno haya bila kuyazungushia: "Sikukuona. Nilisema nimekuona, na sikukuona." Usiseme "bahati mbaya", wala usimletee "shetani alinipitia". Kisha uliza mkono ule unahitaji nini hospitali, na wale majirani zako wawili nao wachangie.

Shangazi, babu yangu anasema mwizi unamjua kwa macho, hayatulii. Ni kweli? — Kijana wa Tunduma

Mimi macho yangu hayatulii tangu nianze kutumia miwani, sijui babu angenifanyaje.

Babu hayuko peke yake. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu kizima akidai mhalifu huzaliwa mhalifu na unamjua kwa taya, masikio, na mikono mirefu. Dunia ikashangilia. Ikapita miaka mpaka daktari wa magereza Uingereza, Charles Goring, alipochapisha vipimo vyake mwaka 1913: wafungwa wapatao 3,000 wakalinganishwa na watu wasio wafungwa, wakiwamo wanafunzi wa chuo na askari. Sura ya kihalifu haikupatikana. Lombroso alikuwa amesahau kupima vizuri wale walio nje ya gereza. Na sisi tunasahau hivyohivyo. Hatuhesabu macho yasiyotulia ya watu waadilifu.

Mwambie babu atazame sanduku la VICOBA. Lina kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu wa nyumba tatu. Je, waliweka kufuli baada ya kusomana macho? Hapana. Waliweka kwa sababu wanajua kwamba mtu mwema, pesa nyingi, na kutokuwapo mwangalizi vikikutana chumba kimoja, wema unaanza kuyeyuka. Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson waliandika jambo linalofanana na hilo: uhalifu hutokea pale vinapokutana mtu mwenye nia, kitu cha kuchukuliwa, na ukosefu wa mlinzi. Akina mama wa Ilomba walifika hapohapo kwa njia ya kufuli. Mweka hazina wa kikundi kimoja nilichokisuluhisha enzi zangu, kikundi ambacho kilikuwa na kufuli moja tu, alikuwa na macho matulivu kama ya kanisani.

Binti yangu, mimi ni mzee wa miaka 78, naishi Kiwira. Mwaka huu nimefiwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Vijana wangu wanasema ni jirani yetu mama mmoja mjane, tuligombana naye habari ya mpaka wa migomba. Wanataka kuchanga pesa waitwe lambalamba, wale waganga wanaodai kufichua wachawi. Mimi nasita. Ninyi wasomi mnasemaje, uchawi upo au haupo? — Mzee wa Kiwira

Shikamoo Mzee. Ndaga fijo kwa kusita. Kusita kwako kunaweza kuwa kumeokoa maisha ya mtu.

Swali lako la upo au haupo nitaliweka pembeni. Si kwamba naliogopa, ila hata nikilijibu halitakusaidia kwa ng'ombe. Niruhusu niulize langu: kwa nini daima ni jirani?

Wewe utakuwa umesikia kwa baba yako habari za Wazungu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa Rungwe kuchunguza maisha ya Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Hawakuja na dodoso la kurasa kumi. Walijifunza lugha, wakakaa, wakahudhuria misiba na ngoma. Waliikuta ile desturi ya wazee wenu, vijana wa rika moja kutoka kwa baba zao wakiwa bado wadogo, wanajenga vibanda vyao, mpaka inakuwa kijiji cha marika. Mtu alikaa na marika wake, si na ndugu zake, na tunu kubwa ilikuwa ukwangala, kula na kunywa na kuzungumza pamoja. Monica kabla ya hapo alikuwa amewachunguza Wapondo wa Afrika Kusini, wanaokaa ukoo kwa ukoo katika mji mmoja, yaani boma la ukoo. Mwaka 1951 akaandika akilinganisha. Kwa Wanyakyusa, mchawi alikuwa jirani mwenye chatu tumboni, anayetamani nyama na maziwa ya mwenzake. Kwa Wapondo, tuhuma zilikuwa zinapita zaidi ndani ya mji, mkwe na mkaza mwana. Yaani watu walimtuhumu yule waliyebanana naye.

Mzee, hilo linaniambia kitu. Ikiwa uso wa mchawi unabadilika kufuatana na ramani ya nyumba, basi tunapomtaja mtu tunaeleza habari za mipaka yetu na magomvi yetu. Kwako ni mpaka wa migomba. Na ni mjane, hana mume wa kusimama mlangoni.

Nakuomba ufanye jambo moja jioni, uwakalishe vijana wako uani. Chukua kijiti, chora chini msalaba mkubwa utoe vyumba vinne. Chumba cha kwanza weka punje ya mahindi kwa kila nyumba mnayoijua iliyogombana na mama huyo na ikafiwa na mifugo. Cha pili, waliogombana naye na mifugo ikabaki salama. Cha tatu, waliofiwa na mifugo bila kugombana naye. Cha nne, wasiogombana na wasiofiwa. Vijana wako wamekuja kwako na chumba cha kwanza peke yake. Punje moja. Vyumba vitatu wameviacha gizani, kwa sababu ng'ombe aliyebaki hai hakuna anayemsimulia kilabuni. Uchunguzi wowote wa kweli, uwe wa daktari au wa polisi, unaanza kwa kuvijaza vyote vinne.

Mkishajaza, muulize ofisa mifugo wa kata kuhusu ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa hawana ubavu kwa kupe kama wale wa kienyeji. Waliogeshwa lini mara ya mwisho? Tezi za chini ya masikio zilivimba? Walihema kwa shida, wakatoka povu puani? Kama majibu ni ndiyo, mnaye mtuhumiwa mwenye miguu minane, na pesa ya lambalamba itatosha dawa ya kuogeshea.

Mpaka wa migomba mpelekeeni mwenyekiti wa kitongoji, mkapande mti wa alama mbele ya mashahidi. Na ukienda kumwona yule mama, nenda mwenyewe, mchana, ukiwa na chochote mkononi, hata mkungu. Wajane nimewaona wakihamishwa usiku na godoro kichwani, Mzee. Sitaki kueleza zaidi.

Kamwene Shangazi. Nasoma chuo hapa Iringa, mwaka wa tatu. Utafiti wangu ni unywaji wa ulanzi kwa vijana. Nimegawa madodoso 120 kanisani baada ya ibada ya vijana, katibu wa vijana akanisaidia kukusanya. Vijana 118 wamesema hawajawahi kuonja. Msimamizi anasema niandike matokeo. Rafiki yangu kacheka tu. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi, Iringa

Kamwene mwanangu. Rafiki yako mpe soda.

Umeniambatishia nakala, nimeiona. Swali la kwanza: "Jina kamili." La pili: "Namba ya simu." La tatu: "Je, wewe ni mlevi?" Anayekusanya ni katibu wa vijana. Hawa wawili waliosema ndiyo ningependa kukutana nao, ni mashujaa.

Makosa ni mawili, tuyatenganishe. La kwanza ni nani uliyemuuliza. Umechukua vijana wa baada ya ibada ukataka wasemee vijana wa Iringa. Wa kilabuni wako wapi, wa bodaboda, wa mashamba ya miti Mafinga? Na usidhani ukiongeza idadi utapona. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi milioni 10 kuuliza nani atakuwa rais, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Alf Landon. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati uchumi umeanguka na wengi hawana vitu hivyo. Franklin Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao ila kwa kuwachagua vizuri, alimpata mshindi. Ladha ya mchuzi unaijua kwa kijiko kimoja, mradi umeukoroga.

Kosa la pili ni namna ulivyouliza. Mtu akiulizwa jambo la aibu na jina lake liko juu ya karatasi, anakujibu vile angependa aonekane. Kuna mbinu nzuri iliyotokana na wazo la Stanley Warner la mwaka 1965, na unaweza kuifanya kwa sarafu ya shilingi 200. Mpe kijana sarafu, ajifiche, airushe. Ikitua upande wa Karume, aandike "ndiyo" hata kama ulanzi hajawahi kuunusa. Ikitua upande wa simba, aandike ukweli wake. Hapo "ndiyo" ya mtu haimshitaki, kwa sababu huenda ni ya Karume. Wewe je, utajuaje? Kwa vijana 120, kama 60 hivi wataandika ndiyo kwa sababu ya sarafu tu. Tuseme umepata ndiyo 84. Toa 60, zinabaki 24. Hizo ni za wale 60 wa upande wa simba. Yaani 24 kwa 60, watu 40 kwa kila 100. Hujui ni nani, lakini unajua ni wangapi, kwa kukadiria. Sarafu ina upepo wake, kwa hiyo ongeza watu kama mkoba unaruhusu, na usiandike asilimia zako kwa nukta tatu kana kwamba umepima kwa rula.

Hizo 118 usizitupe. Zieleze jinsi zilivyopatikana, ziwe sehemu ya matokeo: hivi ndivyo vijana wanavyojibu mbele ya katibu. Ila ukurasa wenye majina na simu ukate leo, uuchome. Hukuwaahidi siri, lakini wanastahili.

Nami nikupe aibu yangu. Nikiwa mdadisi mchanga kijiji kimoja cha Makete, tulikuwa tunahesabu vyoo. Mtendaji wa kijiji alijitolea kunisindikiza nyumba kwa nyumba, nikaona ni heshima kubwa. Nyumba 41, zote zina choo. Nikafurahi, nikajaza. Nyumba ya 42 baridi na chai za ukarimu zikanishinda, nikamwomba mwenye nyumba, mama mtu mzima, anionyeshe choo. Mama akamtazama mtendaji. Mtendaji akautazama mlima. Kisha mama akanishika mkono kwa upole, tukapita shamba la viazi, tukapita nyumba ya jirani, tukapita na ya pili, mpaka shule ya msingi.

Kesho yake nilirudi peke yangu kuanzia nyumba ya kwanza. Swali la choo nikaliondoa kwenye mpangilio wake, nikawa naliacha mwisho kabisa, nasimama kama naaga, kisha nasema, "Mama, samahani, naweza kujisaidia?"

Kwa msomaji wa Vwawa aliyeandika kwamba "kila mtu hapa mtaani anajua" nani anavunja maduka: jina ulilolitaja nimelifuta, barua sitaichapisha. Niandikie upya. Hesabu hao "kila mtu" ni wangapi, kisha mmojammoja uniambie alisimama wapi, saa ngapi, na taa ilikuwa upande gani.